Kikulacho Ki Nguoni Mwako: Upele wa Maji Moto na Deni la Wasomi wa Kiswahili

Waliosema kwamba kikulacho ki nguoni mwako hawakuwa na vazi la kuogelea akilini. Walimkusudia chawa, na nyuma ya chawa walimkusudia jamaa au jirani anayemdhuru mtu kutoka karibu. Hata hivyo, upo ugonjwa mmoja wa ngozi unaoitii methali hii neno kwa neno. Mtu huingia katika hodhi la maji moto yanayofoka na kuzunguka, lile ambalo wengi hulijua kwa jina la jakuzi, akakaa humo nusu saa akiburudika, kisha akatoka na kwenda zake. Siku ya pili au ya tatu vipele vyekundu vyenye kuwasha humtoka kiunoni, makalioni, mapajani na kifuani, vingine vikiwa na usaha kileleni. Vikichunguzwa vizuri, hubainika kwamba vimesongamana zaidi pale pale palipofunikwa na vazi la kuogelea, kwa sababu kitambaa kilichoroa kiliyashikilia maji yale juu ya ngozi muda mrefu baada ya mwenyewe kutoka hodhini.

Kisababishi cha upele huu ni bakteria aitwaye Pseudomonas aeruginosa. Si mgeni wa kutoka mbali. Yumo udongoni na majini duniani kote, na mtu hukutana naye mara nyingi bila ya kudhurika. Anapopata maji yenye joto na yasiyokuwa na klorini ya kutosha, huongezeka upesi, na joto lile lile linalomstarehesha mwogaji huilainisha ngozi na kuviachamisha vinyweleo vyake. Bakteria huingia humo, na kila kinyweleo kilichovamiwa huvimba. Dalili zaweza kuanza baada ya saa chache au zikachelewa hadi siku ya tano, ingawa kwa wengi ni siku moja au mbili. Kwa mtu mwenye afya njema, upele huu aghalabu hutoweka wenyewe katika muda wa wiki moja hadi mbili. Wale ambao kinga ya miili yao imedhoofika, pamoja na mtu yeyote anayepata homa au ambaye vipele vyake vinazidi kuenea, hawana budi kumwona daktari. Wapo pia wanaotoka hodhini na kuamkia maumivu ya sikio. Bakteria ni yule yule.

Ni ugonjwa usioua, na pengine msomaji ameshaanza kujiuliza umefuata nini katika jarida la wanafunzi wa Kiswahili. Jibu ni kwamba udogo wake ndio faida yake. Maradhi makubwa yana mabango, redio na wafadhili. Yakikosa istilahi leo, kesho yatatafutiwa. Neno UKIMWI lilipatikana kwa sababu lilihitajika kila mahali kwa wakati mmoja, kuanzia ikulu hadi kilabuni. Ni katika maradhi madogo, yale ambayo hakuna anayejishughulisha kuyapa jina, ndipo huonekana waziwazi jinsi pengo la neno linavyogeuka kuwa pengo la maarifa, na jinsi pengo hilo la pili linavyouongoza mkono wa mtu kutenda kinyume cha alilokusudia.

Historia ya ugonjwa huu katika maandishi ya kitabibu si ndefu. Taarifa ya mwanzo iliyouhusisha na hodhi la maji yanayozunguka ilitolewa mwaka 1975, kutokana na moteli moja katika jimbo la Minnesota nchini Marekani. Baada ya hapo taarifa zilifuatana. Katika kipindi cha mwaka 2000 hadi 2014, mamlaka za afya za Marekani ziliorodhesha milipuko 493 ya magonjwa yaliyotokana na vidimbwi, mahodhi na michezo ya maji yaliyotiwa dawa, na watu 27,219 wakaugua. (Neno hili dawa lina kesi ya kujibu, nalo litarejelewa.) Hoteli ndizo zilizoongoza, kwa milipuko 157. Miongoni mwa milipuko 363 ambayo kiini cha uambukizo wake kilithibitishwa, 47 ilikuwa kazi ya Pseudomonas. Nchini Kanada, mjini Edmonton, watoto 40 walipatwa mwaka 1998 na maumivu makali ya nyayo baada ya kucheza katika kidimbwi kimoja chenye kina kifupi. Sakafu ya kidimbwi hicho ilikuwa imepakwa chembechembe za kukwaruza ili watoto wasiteleze. Chembechembe zile zilizichubua nyayo zao na kumfungulia bakteria mlango, na hatua iliyochukuliwa kwa ajili ya usalama ikashiriki katika kuleta madhara.

Kinacholifanya hodhi la maji moto kuwa hatari kuliko kidimbwi cha kawaida ni uchache wa maji, wingi wa watu na joto. Watu wanne wakikaa katika hodhi, jasho lao, mafuta yao ya kupaka na vipande vya ngozi iliyokufa huitumia klorini iliyomo kwa kasi kubwa. Joto na mapovu huifukuza iliyosalia ikapotelea hewani. Hodhi lililopimwa asubuhi likaonekana timamu laweza kuwa halina kinga yoyote jioni, wakati wageni wanaporejea kutoka matembezini na kulijaa. Ndiyo maana Kituo cha Kudhibiti na Kuzuia Magonjwa cha Marekani hushauri kwamba klorini ya hodhini isipungue sehemu 3 kwa kila sehemu milioni moja za maji. Bromini ikitumika badala yake isipungue sehemu 4. Kipimo cha pH kiwe kati ya 7.0 na 7.8, na joto lisizidi nyuzi 40 za selsiasi. Vipimo hivi, isipokuwa hicho cha joto, husomwa kwa kijikaratasi kinachobadilika rangi kikichovywa majini. Hakihitaji shahada. Kinahitaji mtu anayejua anachotafuta, na anayejua ni kwa nini anakitafuta tena baada ya saa chache.

Hebu mwogaji wetu na afuatwe sasa hadi nyumbani. Amevua nguo, ameviona vipele, na anatafuta jina. Kiswahili alicho nacho kina upele, chunusi, jipu, ukurutu, harara na, kwa ukopaji wa siku hizi, aleji. Harara ni vipele vidogo vya joto na jasho. Maji yalikuwa ya moto, vipele vimetoka, kwa hiyo atasema ni harara, na hatakosea kwa kadiri ya msamiati wake. Au atakumbuka kwamba maji yale yalinuka klorini, naye ataamua kwamba ni klorini iliyomchoma. Hitimisho hili la pili ndilo baya zaidi, kwa sababu lina matokeo. Harufu kali ya kidimbwi si ushahidi wa wingi wa klorini. Mara nyingi ni ushahidi wa klorini iliyokwisha kuungana na jasho na mkojo wa waogaji ikafanyika kloramini, kitu kinachonuka sana na kulinda kidogo. Mgeni hulalamika, msimamizi humwamuru mhudumu apunguze dawa, na mhudumu hutii. Hodhi lililokuwa na upungufu wa klorini hupunguziwa ile iliyobaki, na hakuna hata mmoja kati ya hao watatu aliyekuwa na nia mbaya.

Akitoka hapo mgeni huenda kwenye duka la dawa. Akisema ni aleji, yamkini atapewa krimu yenye steroidi, ambayo huutuliza mwasho huku ikiidhoofisha kinga ya ngozi penye maambukizi. Akisema ni jipu, pengine atauziwa amoksilini bila ya cheti cha daktari, na dawa hiyo bakteria huyu haimtishi hata kidogo, kwani kwa maumbile yake ni sugu kwayo. Shirika la Afya Duniani lilipotoa mwaka 2017 orodha ya bakteria wanaohitaji kutafutiwa dawa mpya, Pseudomonas aeruginosa aliyekwisha kuwa sugu kwa dawa za jamii ya karbapenemu aliwekwa katika daraja la hatari la juu kabisa. Katika orodha ya mwaka 2024 alishushwa daraja moja tu. Bakteria wa hodhini si lazima awe na usugu wa namna hiyo. Lakini desturi ya kumeza viuavijasumu kwa kila kipele ndiyo mojawapo ya njia zinazouzalisha usugu, na desturi hiyo hutegemea jina ambalo mgonjwa alilitamka dukani.

Likumbukwe sasa lile neno dawa. Katika vidimbwi vingi vya pwani na bara, klorini huitwa dawa, na kazi ya mhudumu huitwa kutia dawa. Ni neno linaloeleweka na hakuna haja ya kulidharau. Tatizo lake ni kwamba limebeba mantiki ya ugonjwa. Dawa hupewa aliyeugua, na akipata nafuu huachishwa. Maji nayo, kwa mantiki hiyo, hutiwa dawa yanapoonekana kuugua, yaani yanapogeuka kijani au kufanya ukungu. Klorini haifanyi kazi kwa namna hiyo. Inatakiwa iwemo majini kabla ya bakteria kufika, kila saa, kama mlinzi wa lango. Mhudumu anayengoja maji yabadilike rangi si mvivu wala mjinga. Ameifuata maana ya neno alilofundishwa.

Neno safi nalo lina hila yake. Kwa mzungumzaji wa kawaida, maji safi ni maji maangavu, yale ambayo sakafu ya hodhi huonekana ndani yake. Uangavu na usalama, hata hivyo, ni mambo mawili, na Kiswahili cha kila siku huyafunga katika neno moja. Hii haina maana kwamba Waswahili hawakuijua tofauti hiyo. Katika nyumba za mawe za Lamu, samaki wadogo walifugwa katika birika za maji ili wawale viluwiluwi vya mbu, na aliyeanzisha jambo hilo alitambua kwamba maji yaliyotuama, hata yakimetameta, yana wakazi. Maarifa yalikuwepo. Kilichokosekana ni istilahi ya kuyahamisha kutoka birikani hadi hodhini.

Lipo, lakini, neno moja ambalo lingeweza kuwatoa haya wanaodai kwamba Kiswahili hakiiwezi sayansi hii. Bakteria wa hodhini hawaelei majini peke yao. Hujishikiza kwenye kuta, ndani ya mabomba na nyuma ya vichujio, wakajitandazia ute unaowahifadhi, na ndani ya ute huo klorini huwafikia kwa shida. Huu ndio moyo wa tatizo lote, na ndiyo sababu kuyamwaga maji na kuyajaza mapya hakutoshi kama kuta na mabomba hayakusuguliwa. Wanasayansi wana istilahi ndefu za kuueleza ute huo. Mswahili ana ukoga. Kila mtoto aliyefundishwa kupiga mswaki analijua neno hilo kwa maana ya ule utando unaoganda menoni, na utando wa menoni, kibiolojia, ni kitu cha namna moja na utando wa bombani: jamii ya bakteria waliojijengea nyumba ya ute juu ya kitu kigumu. Aliyejua kwamba kusukutua kwa maji hakuondoi ukoga, na kwamba lazima usuguliwe, amekwisha kujua nusu ya somo la usafi wa hodhi. Mwambie mhudumu kwamba bomba lina ukoga, naye atalitafuta brashi bila ya kuhimizwa. Mwambie kwamba lina bayofilamu, naye atangoja fundi.

Mfano huo unagusa mjadala ambao wanafunzi wa isimu wanaufahamu vizuri: je, istilahi ikopwe au iundwe kutoka ndani? Mara nyingi mjadala huo huendeshwa kana kwamba ni suala la fahari, wakopaji wakiwaona waundaji kuwa ni washamba, na waundaji wakiwaona wakopaji kuwa ni wasaliti. Upele wa maji moto unauleta mjadala huo chini, mahali pa kupimika. Ugonjwa wenyewe waweza kuitwa folikulaitisi, na neno hilo litakaa vizuri katika kamusi. Asili yake ni neno la Kilatini lenye maana ya kifuko kidogo, kwa hiyo daktari aliyelitumia kwanza alisema tu kwamba vifuko vya nywele vimevimba. Mjerumani Schroeter, alipompa bakteria huyu jina la aeruginosa mwaka 1872, aliazima neno la Kilatini linalohusu kutu ya shaba, kwa sababu ya rangi ya kijani na buluu anayoitoa. Mfaransa Gessard alimtenga bakteria huyo mwaka 1882 kutokana na bandeji zilizotiwa rangi hiyo na usaha. Hawa walitazama, wakaona rangi, wakaita. Hakuna siri nyingine katika istilahi zile zinazotisha. Kiswahili kina haki ile ile ya kutazama na kuita.

Yapo mapendekezo kadhaa yanayostahili kupimwa. Uvimbe wa vinyweleo ni sahihi na unaeleweka, ingawa hausemi ulitoka wapi. Upele wa malaika, kwa maana ya zile nywele laini za mwilini, una mvuto wa kishairi, lakini msomaji wa harakaharaka angedhani unahusu mbingu. Upele wa maji moto unataja chanzo na kumwelekeza mgonjwa kukumbuka alikooga, na kwa tangazo la hotelini hilo ndilo lenye faida kuliko yote. Kasoro yake ni kwamba aliyeunguzwa na maji ya chai anaweza kulidai pia. Pengine majina mawili yanahitajika, moja la kliniki na moja la ukutani, kama ilivyo katika lugha nyingine. Kamusi ya Tiba iliyotolewa na TUKI mwaka 2003, na kabla yake Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ya mwaka 1990, ziliweka msingi wa kazi ya namna hii. Kosa ni kuzifanya kamusi hizo mwisho wa safari. Kamusi haijawahi kupima klorini.

Kuhusu jina la chombo chenyewe, ushindani umekwisha kabla ya wanaisimu kuitwa. Jacuzzi ni jina la ukoo: ndugu waliohama kutoka Italia wakaishi California na kutengeneza mashine. Mmoja wao, Candido, alibuni pampu ya kuyazungusha maji bafuni kwa ajili ya mwanawe mdogo aliyesumbuliwa na baridi yabisi. Chombo kilichoanza kama faraja ya mtoto mgonjwa kikawa anasa ya ulimwengu, na jina la ukoo likawa nomino. Wahudumu wa Diani na Nyali wanasema jakuzi, na hakuna kamati itakayowabadilisha. Hodhi litabaki neno la maandishi, nalo lina kazi yake huko.

Pingamizi lenye uzito zaidi ni la kitabaka. Itasemwa kwamba jakuzi ni mambo ya watalii na matajiri, na kwamba mwanafunzi anayeishi katika chumba kisicho na maji ya mfereji hana sababu ya kuvihurumia vipele vya waziri. Pingamizi hili lina ukweli, na lingefaa kukubaliwa kama maji yanayozungushwa kwa mota yangebaki hotelini. Hayakubaki. Mnamo Septemba 2000, daktari mmoja kaskazini mwa California aliripoti wagonjwa wanne wenye majipu sugu ya miguuni, wote wakiwa wateja wa saluni moja ya kucha. Uchunguzi ulipokamilika, wateja 110 wa saluni hiyo walikuwa wamepatikana na majipu. Walikuwa wametumbukiza miguu katika mabeseni yenye mota ya kuzungusha maji, wakisuguliwa magaga na kupakwa rangi. Bakteria safari hii alikuwa mwingine, Mycobacterium fortuitum, lakini hadithi ni ile ile: nyuma ya vichujio vya mabeseni kulikutwa nywele na mabaki ya ngozi yaliyorundikana. Wateja walionyoa miguu kwa wembe kabla ya kwenda saluni ndio walioathirika zaidi, kwani wembe huacha michubuko isiyoonekana. Majipu hayo yalichukua miezi kupona, na mengine yaliacha makovu.

Beseni la miguu si anasa ya waziri. Saluni za kuosha na kusugua miguu zimeenea katika miji ya Kenya, na wateja wake ni makarani, walimu, maharusi na wanafunzi wa kike wanaojiandaa kwa mahafali. Anayelisafisha beseni ni msichana aliyejifunza kazi kwa kumtazama mwenzake. Chupa ya kemikali aliyo nayo aghalabu ina maelezo ya Kiingereza, kwa herufi ndogo, yakimtaka azingatie muda wa kugusana wa dakika kumi. Akiyapuuza si kwa dharau. Hakuambiwa kwamba dakika zile kumi ndizo dawa yenyewe, na kwamba kumwaga na kusuuza papo hapo ni sawa na kutotia kitu.

Hapa Marekani, nchi ambayo Kiingereza chake hakina mpinzani, ina jambo la kutufunza. Sehemu kubwa ya wafanyakazi wa saluni za kucha huko ni wahamiaji kutoka Vietnam na Korea. Wakala wa Marekani wa kuhifadhi mazingira ulipotoa mwongozo wa kulinda afya ya wafanyakazi wa saluni hizo, uliutoa pia kwa Kivietinamu na Kikorea. Hakuna aliyedai kwamba lugha hizo hazina istilahi za kutosha, wala kwamba wafanyakazi wasubiri hadi wakijue Kiingereza. Serikali ilitambua kwamba maagizo yasiyoeleweka na mwenye brashi mkononi ni karatasi tupu. Ni ajabu, na inatia uchungu, kwamba Kivietinamu kimepata heshima hiyo ugenini huku Kiswahili kikiisaka nyumbani.

Si kwamba sheria inakinyima. Ibara ya 7 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na, sambamba na Kiingereza, lugha rasmi. Ibara ya 46 inampa mtumiaji wa bidhaa na huduma haki ya kupata maelezo anayoyahitaji ili kunufaika nazo, na haki ya kulindwa afya na usalama wake. Ibara hizi mbili zikisomwa pamoja, ni vigumu kuona tangazo la kidimbwi lililoandikwa kwa Kiingereza pekee, au kwa Kiingereza, Kijerumani na Kiitaliano kama ilivyo desturi katika baadhi ya hoteli za ufuoni, linapata wapi uhalali wake. Mgeni kutoka Ulaya anaambiwa kwa lugha yake asiingie majini akiwa na kidonda. Mwenyeji aliyekuja kwa harusi ya dada yake haambiwi.

Lawama, hata hivyo, isipelekwe yote hotelini. Mwenye hoteli akitaka leo tangazo la Kiswahili kuhusu hodhi la maji moto, ataliagiza kwa nani? Idara za Kiswahili vyuoni zina wataalamu wa tafsiri, wa isimujamii, wa istilahi na wa fasihi. Mitihani ya tafsiri hutolewa kila muhula, na matini zinazoteuliwa aghalabu ni hotuba za wanasiasa na vipande vya riwaya. Ni nadra mwanafunzi kupewa lebo ya chupa ya klorini aifasiri, kisha akatumwa kwa mhudumu wa kidimbwi kuona kama tafsiri yake imeeleweka. Zoezi kama hilo lingemfunza kuhusu ulinganifu wa tafsiri zaidi ya nadharia tatu zilizokaririwa. Lingemwonyesha pia kwamba mhudumu yule ana msamiati ambao hakuna mhadhiri aliyeukusanya: analo neno la maji yaliyochoka, analo neno la pampu inayokohoa, analo neno la kuta zinazoteleza. Msamiati huo utapotea pamoja naye akistaafu, na baada yake watakuja watu wa kutafsiri upya kutoka Kiingereza kitu ambacho kilikuwa kimekwisha kusemwa.

Wanafunzi wa fasihi nao wasijiweke kando wakidhani kwamba hili ni la wanaisimu. Tangazo la ukutani ni utungo. Lina hadhira, lina sauti, lina mpangilio, na hufa likiwa na maneno mengi. Anayeijua nguvu ya methali, kwa ufupi wake na mizani yake, ana ujuzi ambao mkemia hana. Chama cha wanafunzi kinaweza kuanza na ubao mmoja tu, katika kidimbwi cha chuo au cha hoteli ya jirani itakayokubali, na ubao wenyewe waweza kusomeka hivi:

Oga kwa sabuni kabla ya kuingia. Usiingie ukiwa na kidonda, au ukiwa umenyoa kwa wembe leo. Usizamishe kichwa. Watoto wa chini ya miaka mitano wasiingie. Uliza maji yalipimwa saa ngapi. Ukitoka, vua vazi lenye maji, oga tena kwa sabuni, ulifue vazi kabla ya kulivaa. Ukitokwa na vipele katika siku tano zijazo, mwambie daktari kwamba uliingia humu, nasi utuambie.

Maneno hayo yanaweza kuboreshwa, na yafaa yajadiliwe. Wapo watakaopendelea koga badala ya oga, na wapo watakaosema kwamba vazi lenye maji ni refu ilhali lipo chepechepe. Lakini mwenye hoteli akiletewa ubao huo, sentensi atakayoomba iondolewe kwanza si yoyote kati ya hizo. Ni ile inayomwambia mgeni aulize maji yalipimwa saa ngapi.